Jicho Lililodhani Mkono Unatoka

Mshale wa mita ulikwenda kushoto. Fundi Nzi aliutazama, akavuta mkono wake nyuma, akauingiza tena taratibu chini ya jicho la umeme lililokuwa mezani, na mshale ukaenda kushoto tena. Kulia maana yake mkono unaingia. Kushoto maana yake mkono unatoka. Na mkono wake ulikuwa unaingia, jambo ambalo halikuhitaji mita kulithibitisha.

Akafanya kile ambacho kila fundi hufanya akikuta ajabu mezani kwake: akajilaumu. Alijiambia kwamba amegeuza waya. Akazima umeme, akafuata waya mmoja mmoja kwa ncha ya penseli, akakagua kila mahali alipolehemu, akakuta kila kitu kiko pale alipokiweka. Akavua glavu aliyokuwa ameivaa ili ashike skrubu vizuri, akawasha umeme, akapitisha mkono mtupu. Mshale ukaruka kulia mpaka mwisho, kama ulivyofanya kila siku kwa miezi minane. Akavaa glavu, ukaenda kushoto. Akavua, ukaenda kulia.

Ilikuwa saa nane kasoro robo mchana. Saa nane kamili, katika kiwanda cha maboksi kilichokuwa mitaa mitatu kutoka pale, mjomba wake angevaa glavu kama zile zile, angekanyaga pedali ya mashine ya kukatia kadibodi, na angeingiza mkono chini ya kisu mbele ya mkaguzi wa usalama ili amwonyeshe kwamba kisu hakishuki.

Jina hilo la Fundi Nzi alipewa na wafanyakazi wa kiwanda kile, na hakulikasirikia, kwa sababu alilipata kihalali. Kwa miaka mitatu yeye na mwalimu wake mzee walikaa katika chumba kile chenye dirisha moja, nyuma ya duka la redio, wakichunguza jinsi nzi anavyoona. Asiyeona maana ya kazi hiyo na ajaribu kumpiga nzi kwa kandambili. Mdudu huyo hana kompyuta, hana betri, ubongo wake ni kama chembe ya mchanga, lakini wewe hujamaliza hata kuinua mkono yeye kashaondoka. Nzi hajali wewe ni nani wala umevaa nini. Anachojua ni kwamba kuna kitu kinasogea, na kinasogea kuelekea wapi.

Hicho ndicho walichokiiga. Walitengeneza chipu ndogo kama ukucha, na juu yake wakapanga safu za nukta zinazohisi mwanga. Fundi Nzi alipokuwa akiwaeleza watu, alitumia mfano wa majirani. Chukulia majirani wawili wanaokaa madirishani, na mchuuzi anapita barabarani. Jirani wa kwanza akimwona anatuma habari, lakini mjumbe wake ni mvivu, anachelewa kidogo. Jirani wa pili akimwona anatuma habari papo hapo. Habari mbili zikifika mlangoni kwa pamoja, basi mchuuzi ametoka kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili. Zikipishana, hakuna la kusema. Basi. Hakuna kuhesabu, hakuna programu, ni umeme mdogo sana unaotiririka na kukutana. Bosi wa kiwanda alipoambiwa hivyo aliuliza mara tatu programu iko wapi, na mara ya tatu akaonekana kama mtu anayehisi ametapeliwa.

Aliyeomba lile jicho ni mjomba. Mjomba alikuwa kaka wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, na alikuwa amesimama mbele ya mashine ile ya kukatia kwa miaka ishirini na miwili. Siku moja mwenzake wa mashine ya pili aliacha vidole vitatu kwenye rundo la kadibodi. Mjomba ndiye aliyeviokota. Jioni ile alikuja kwa mpwa wake, akakaa, hakunywa hata maji, akamuuliza kama yule nzi wake anaweza kuona mkono wa mtu.

Wiki ya kwanza jicho lilikuwa na woga kupita kiasi. Kitu chochote kikisogea, kisu kiligoma: vipande vikidondoka, mtu akivuta mkono wake baada ya kupanga karatasi, hata mtu akipiga chafya. Wafanyakazi walicheka mpaka wakachoka kucheka, kazi ikalala, bosi akaja juu. Ndipo Fundi Nzi alipolifundisha jicho kutofautisha. Kinachoingia kizuie kisu. Kinachotoka kiachwe kiende zake. Jicho likawa linajumlisha yote yanayoingia, linapunguza yote yanayotoka, na kinachobaki ndicho linachokiamini. Kazi ikaenda, na kwa miezi minane hakuna aliyepoteza hata ukucha.

Lakini watu ni watu. Walikuwa wakiliogopa lile jicho, kwani nani anamwamini nzi? Hivyo ukaanza mtindo ambao haukuandikwa popote. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajagusa mashine, mjomba alisimama mbele yake, akakanyaga pedali, akapeleka mkono chini ya kisu. Mashine ilisema "tak" na kutulia. Mjomba aligeuka, akasema jicho limeamka, wenzake wakacheka, kazi ikaanza. Siku aliyougua malaria, mashine ile ilikaa bila kazi mpaka saa tano, alipokuja na homa yake kuiamsha.

Zile glavu mjomba ndiye aliyezileta jana jioni. Bosi alikuwa amenunua sanduku zima ili mkaguzi akute wafanyakazi nadhifu, na akaagiza zisivaliwe mpaka baada ya chakula cha mchana, zisije zikachafuka. Zilikuwa za kufumwa kwa uzi, ndefu mpaka kwenye kiwiko, na zilikuwa na mistari myembamba myeusi na myeupe iliyozunguka mkono kama pete, kutoka kidoleni mpaka juu. Mjomba alimtupia mpwa wake jozi moja, akamwambia hata fundi anastahili kuwa punda milia. Walicheka wote wawili. Na mchana huu Fundi Nzi alizivaa kwa mchezo tu, akapeleka mkono chini ya jicho la akiba lililokuwa mezani.

Sasa alizitazama zile pete nyembamba na akaelewa yote kwa mpigo mmoja. Wapange wachuuzi mstari mmoja, wanaofanana kama mapacha, wamefuatana karibu karibu kuliko nafasi iliyopo kati ya dirisha na dirisha. Jirani wa kwanza anamwona mmoja. Kabla huyo hajafika kwa jirani wa pili, dirisha la pili linamwona mwingine aliyekuwa mbele yake, na la kwanza linamwona aliyekuwa nyuma. Nani ni nani? Habari zinakutana kinyumenyume, na majirani wote wawili wanaapa kwamba mstari mzima unarudi ulikotoka.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alilijua hilo. Lilikuwa kwenye vitabu vyao vya nzi tangu mwaka wa kwanza: mweke nzi katikati ya pipa lenye mistari myembamba mno, lizungushe kulia, naye atageuka kushoto. Yeye na mwalimu walilisoma wakacheka, wakaona ni kioja cha nzi. Halafu wakalijaribu jicho kwa mkono mtupu, kwa mkono wenye shati, kwa mkono wenye bendeji, kwa mwiko, kwa mguu wa mbuzi. Hawakujaribu mkono wenye pete thelathini, kwa sababu hakuna binadamu aliyezaliwa na mkono wa namna hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema watu, na safari hii kilikuwa kwenye glavu.

Alipiga simu ya mjomba. Iliita mpaka ikakata, kama alivyotarajia, kwani simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini. Ya bosi ilikuwa inatumika. Ya msimamizi ilipokelewa, na Fundi Nzi akaeleza haraka haraka, akijikwaa kwenye maneno, kwamba mjomba asivae glavu, au akivaa asifanye jaribio, kwa sababu jicho litaona mkono unatoka badala ya kuingia. Msimamizi alisikiliza kidogo, akamjibu kwamba mkaguzi ameshateremka garini na leo si siku ya utani wa nzi. Kisha simu ikakatwa. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

Basi akakimbia. Alikuwa mwanamke wa mezani, wa hadubini na penseli, na mwisho wa mtaa wa kwanza mbavu zilikuwa zinamchoma. Alipita kwa mchomelea mageti, akaruka rundo la vyuma, akapita uwanja wa mbao ambako lori lilikuwa limeziba njia likishusha, ikabidi apite ubavuni mwake kwa kujipenyeza, mgongo ukisuguana na ukuta. Njia nzima aliuona mkono wa mjomba. Si mkono wowote: ule wenye kovu la pasi kwenye kifundo, uliomfundisha kufunga kamba za viatu, uliomshika kwenye mazishi ya mama yake na haukumwachia. Kama kisu kingeupata, ingekuwa ni kwa sababu yake yeye. Hilo lilikuwa wazi kwake kama jua.

Getini mlinzi alimtaka asaini daftari la wageni. Alimjua, alikuwa amemwona mara mia, lakini kulikuwa na mkaguzi ndani na mlinzi alikuwa ameamua kuwa mlinzi. Fundi Nzi alichora kitu kilichofanana na jina. Mlinzi akasema na saa pia. Akaandika saa nane na dakika mbili, akaitupa kalamu.

Ndani, vumbi la kadibodi lilikuwa limetanda kwenye mwanga wa madirisha ya juu, na harufu ya gundi ilikuwa nzito. Mota ya mashine ilikuwa inanguruma. Mbele yake walisimama bosi aliyevaa tai, msimamizi, wafanyakazi kama kumi, na mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani na ubao wa kuandikia. Wote walikuwa na viziba masikio. Mjomba alikuwa amesimama mahali pake, miguu imepanuka kidogo kama kawaida yake, na mikono yake ilikuwa na pete nyeusi na nyeupe mpaka kwenye viwiko.

Hakuwa amekanyaga pedali bado. Fundi Nzi alijisukuma katikati ya watu mpaka meza ya mashine, akampungia mkono bosi, akavuta kiziba sikio kimoja cha mjomba.

"Usifanye jaribio na hizo glavu," alisema. "Jicho litaona mkono unatoka."

Mkaguzi aliona midomo inasogea, naye akashusha vyake shingoni, na wengine wakafuata. Aliuliza huyu ni nani. Bosi akasema ni fundi tu, ana wasiwasi, wasimjali. Lakini mkaguzi hakuwa mtu wa kutojali, alimwomba arudie. Fundi Nzi akarudia, kwa sauti ya juu ili ishinde mota, pumzi zikimkatika: mistari ni myembamba kuliko nafasi kati ya nukta na nukta, jicho linachanganya mstari mmoja na mwenzake, mkono ukiingia linaona unatoka, na kwa mkono unaotoka halizuii kisu.

"Na wewe ndiye uliyelitengeneza?" mkaguzi aliuliza.

"Ndiyo. Ni mimi."

Mkaguzi akainamisha kichwa, akaanza kuandika. Uso wa bosi ulikuwa umebadilika rangi. Na mjomba, ambaye hakuwa ameelewa habari za nukta na mistari, alielewa ile kalamu vizuri sana. Alijua ikimaliza mstari wake, jicho litang'olewa kesho, miaka mitatu ya mpwa wake itakuwa takataka, na bosi ataendesha mashine bila jicho kama zamani, kwa sababu maboksi hayasubiri. Watu watarudi kuokota vidole.

Mjomba akacheka. Alimwambia mkaguzi kwamba huyu mtoto ndivyo alivyo tangu utoto wake, siku aliyoshika namba moja darasani alirudi nyumbani akilia kwamba amefeli. Wafanyakazi wakacheka kwa woga. Fundi Nzi hakucheka. Alimwomba mjomba avue glavu, akashika ncha ya ile ya kulia, lakini msimamizi alimdaka kola na kumrudisha nyuma hatua mbili.

"Mjomba, nakuomba, vua."

"Mwanangu, jicho lako nimeliamini kila asubuhi," alisema mjomba. "Leo wewe umechoka. Nitaliamini kwa niaba yako."

Akarudisha kiziba sikio ili asisikie neno jingine. Akaweka mguu kwenye pedali.

Kitufe chekundu cha kuzima kilikuwa upande wa pili wa mashine, nyuma ya mgongo wa mkaguzi. Mjomba alikuwa mtu wa mwili, mabega kama mlango, na msimamizi alikuwa katikati yao. Hakukuwa na namna ya kumvuta. Fundi Nzi aliona mguu ukishuka. Akaona mkono wenye pete ukinyooka na kuanza kuingia, bila haraka, kama ulivyoingia asubuhi zote. Akasubiri ile "tak". Haikuja. Juu, kisu kilitikisika na kuanza kushuka.

Akajichomoa kwa msimamizi, akaacha kipande cha kola mkononi mwake, akatupa mikono yake miwili mitupu chini ya kisu, mpaka viwiko, pembeni mwa mkono wa mjomba.

Hata akiwa anafanya hivyo, akili yake ilikuwa inapiga hesabu, na hesabu haikutoka vizuri. Mikono yake ilikuwa inaliambia jicho kwamba kuna kitu kinaingia. Glavu ya mjomba, kwa pete zake thelathini, ilikuwa inaliambia kwamba kuna kitu kinatoka. Jicho lingejumlisha na kupunguza, kama alivyolifundisha yeye mwenyewe, na lingebaki na sifuri. Sifuri haizuii kisu. Alijua hayo yote na mikono ilikuwa tayari ndani, na kisu kilikuwa kinashuka.

Mjomba aliiona ile mikono. Alipiga ukelele ulioshinda hata ngurumo ya mota, akauvuta mkono wake kwa nguvu zote ili amshike mpwa wake amtoe. Pete thelathini zikakimbia kurudi nje. Mashine ikasema "tak".

Kisu kilisimama juu ya mikono ya Fundi Nzi, kimebakiza upana wa kiberiti. Mjomba alimvuta kwa mabega, wakaanguka wote wawili juu ya rundo la kadibodi. Mtu akakumbuka kitufe chekundu, na mota ikafa.

Kisha bosi, Mungu amsamehe, akaanza kupiga makofi. Alimgeukia mkaguzi, akamwambia amejionea mwenyewe: mikono mitatu ndani, na jicho limezuia kisu. Wafanyakazi wawili watatu nao wakapiga makofi. Mkaguzi aliinua kalamu yake, akakitazama kisu, akamtazama Fundi Nzi, na ilionekana kwamba yu tayari kufuta kile alichoandika.

Fundi Nzi alikuwa bado amekaa chini. Ilitosha anyamaze. Hakuhitaji hata kusema uongo, ilitosha avute pumzi na kuwaacha wapige makofi, na jicho lingepita, na jioni angezichoma zile glavu zote kimya kimya, na nani angejua? Aliliona wazo hilo lote, na alilitamani. Akasimama.

"Halikuzuia kwa sababu mkono uliingia," alisema. "Limezuia kwa sababu mjomba alitoa wake. Kwa jicho, kutoka kwake ndiko kuingia. Angeuacha pale pale, kisu kingefika chini."

Bosi alisema maneno mengi ambayo hayana faida kuyarudia. Mkaguzi alimwacha amalize, akasema maneno hayapimi mashine. Akaomba fimbo ya ufagio. Akaomba glavu. Mjomba alivua ile ya kulia, akaivisha kwenye fimbo, akaijaza vipande vya karatasi mpaka vidole vikasimama. Mota ikawashwa. Msimamizi, ambaye sasa alikuwa mpole kama maji mtungini, alikanyaga pedali akiwa amenyoosha mguu kutoka mbali, na mkaguzi mwenyewe akaisukuma fimbo kwa mwendo ule ule usio na haraka.

Kisu kilishuka mpaka mezani na kupanda tena. Hakikutoa sauti kubwa. Vidole vitano vya uzi, vyeusi kwa vyeupe, vilibaki kwenye trei pamoja na kipande cha fimbo kilichokatwa sawasawa.

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mkaguzi alimaliza kuandika, akamsomea bosi: mashine hii haitaguswa, si leo wala kesho, iwe na jicho au isiwe na jicho, mpaka atakaporudi kuikagua tena. Alimwambia Fundi Nzi kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwamba akirudi atakuja na nguo za kila aina, za mistari, za maua, za madoadoa, ajiandae. Halafu akaondoka na bosi akimfuata nyuma, akieleza.

Wafanyakazi walitawanyika. Mjomba alikuwa amekaa juu ya rundo la kadibodi, ameinamia ile trei. Fundi Nzi alikaa karibu yake. Alitaka kuomba msamaha, lakini msamaha wa kitu kama kile unaanzia wapi? Mjomba ndiye aliyeanza, bila kumtazama.

"Ulipoingiza mikono yako, ulijua kisu kitasimama?"

"Hapana, Mjomba. Nilijua huenda kisisimame."

"Uliogopa?"

"Sijawahi kuogopa vile tangu nizaliwe."

Mjomba aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa jibu alilokuwa nalo siku nyingi.

"Basi sasa unajua," alisema. "Hivyo ndivyo ninavyouweka wangu. Kila asubuhi, miezi minane. Wanacheka nikisema jicho limeamka, hawajui nimeshakwenda chooni mara mbili kabla ya hapo. Mimi mambo ya nzi siyaelewi, mwanangu. Sijawahi kuyaelewa. Lakini nisingeuweka mimi, nani angeuweka? Wangesema hata mjomba wake hamwamini."

Miezi minane Fundi Nzi alikuwa akihadithia watu, kwa majivuno, jinsi mjomba wake anavyopeleka mkono chini ya kisu huku akitabasamu, na kila alipohadithia aliona fahari kwamba kazi yake ni nzuri kiasi hicho. Hakuwahi kumuuliza. Hata siku moja hakuwahi kuja saa ile ya asubuhi kuuweka mkono wake mwenyewe. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Aliushika mkono wa kulia wa mjomba, ule usio na glavu tena. Kiganja kilikuwa baridi na kimelowa jasho. Akakishika kwa mikono yake miwili, wakakaa hivyo, mpaka mlinzi alipokuja kuwaambia kwamba kiwanda kinafungwa.